SOMO LA VIKUNDI: FAMILIA YA MKULIMA WA NGANO KATIKA MBUGA ZA KANADA

Tunapokaa na vikundi vya wakulima mara nyingi husikia mtu akisema, "Hao wazungu wa huko nje walianza na trekta. Sisi tuna jembe." Maneno hayo hukatisha mazungumzo kabla hayajaanza. Kwa hiyo mwezi huu tutasoma maisha ya familia moja iliyolima ngano katika mbuga za magharibi ya Kanada, jimbo linaloitwa sasa Saskatchewan. Tutaangalia mazuri yao na pia yale ambayo hayapendezi, kwa sababu yote mawili yamo.

Mkulima mwenyewe anaitwa William Richard Motherwell. Alizaliwa mwaka 1860 karibu na mji wa Perth, Ontario, mashariki ya Kanada. Baba yake alikuwa mkulima. Kijana alipelekwa chuo cha kilimo huko Guelph, akamaliza mwaka 1881. (Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mpresbiteri. Nataja mapema maana kuna atakayeuliza.) Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, alipanda gari la moshi mpaka Brandon, Manitoba, akaendelea na mkokoteni mpaka mahali panapoitwa Abernethy. Hapakuwa na mji. Palikuwa na nyasi tu mpaka macho yanapokoma.

Kwa nini huko? Kwa sababu ya ardhi. Sheria ya mwaka 1872 iliruhusu mwanamume mzima kujiandikisha kwa dola 10 na kupewa ekari 160. Lakini haikuwa bure kama wengi wanavyodhani. Ilimpasa akae pale miaka 3, ajenge nyumba na alime sehemu ya shamba, ndipo apate hati. Wengi walishindwa wakaondoka. Kipindi kisicho na baridi kali ya kuua mimea ni kama siku 100 kwa mwaka. Wakati wa baridi kipimo kinaweza kushuka mpaka digrii 40 chini ya sifuri. Na mvua pamoja na theluji ni karibu milimita 400 kwa mwaka, yaani ni kidogo kuliko sehemu nyingi za Ukambani! Kwa hiyo tusimwone kama mtu aliyekaa juu ya mali. Alikaa juu ya ardhi kavu, mbali na soko, katika nyumba ya magogo.

Mwaka 1884 alimwoa Adeline Rogers. Walizaa watoto wanne, na wawili wakafariki wakiwa wachanga. Waliobaki ni msichana, Alma, na mvulana, Talmage. Akina mama wanaosoma hapa hawahitaji kuelezwa maana yake, kumzika mtoto mahali ambapo jirani wa karibu ni mwendo mrefu na daktari ni safari ya siku.

Sasa, kabla hatujafika kwenye ngano, lazima tuulize swali ambalo vikundi vyetu huuliza haraka sana, kwa sababu sisi wenyewe tumeonja mambo ya ardhi: hizo ekari 160 zilikuwa za nani?

Zilikuwa za Wakrii, Wasaulteaux na Waassiniboine. Hao waliishi kwa kuwinda nyati wa mbugani. Nyama ilikuwa chakula, ngozi ilikuwa nyumba na nguo. Mwezi wa Septemba 1874 serikali ya Kanada ilitia sahihi nao mkataba huko Fort Qu'Appelle, unaojulikana kama Mkataba wa 4. Waliahidiwa maeneo yao ya kukaa, vifaa vya kilimo na malipo madogo ya kila mwaka. Muda si muda nyati wakaisha. Kufikia mwaka 1879 walikuwa karibu wametoweka kabisa upande wa Kanada, na njaa ikaingia. Motherwell alipofika mwaka 1882, nyasi zilikuwa tupu kwa sababu hiyo. Mbuga haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Ilikuwa nyumba iliyokwisha kuhamishwa watu.

Tuache hapo kwanza, tutarudi.

Habari ya mvua na udongo ndiyo ningependa wakulima wasome polepole. Mwaka 1885 kulitokea vita huko magharibi, na farasi wengi wa karibu na Indian Head walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Basi mashamba mengine hayakupandwa msimu huo. Mwaka 1886 ukame ukapiga. Mashamba yaliyopandwa mfululizo yalikauka, lakini yale yaliyokuwa yamepumzika yakatoa ngano! Mkulima mmoja, Angus Mackay, aliona jambo hilo akalichunguza. Udongo ukiachwa msimu mmoja bila mmea, na magugu yakiuawa kwa kulima juujuu, maji ya mwaka huo hubaki chini. Ngano ya mwaka unaofuata hunywa maji ya miaka miwili. Mackay akawekwa kuwa msimamizi wa shamba la majaribio la serikali hapo Indian Head, na Motherwell alikuwa mmoja wa wale walioshika mafundisho hayo na kuwahubiria wengine kama katekista.

Lakini mimi kinachonivutia zaidi ni boma lake. Aligawa mahali pa kukaa sehemu nne, na kila sehemu ikazungushiwa miti. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba na maua, ya pili bustani ya mboga, ya tatu ghala la mifugo, na ya nne ilikuwa silanga la maji. Hiyo miti haikuwa mapambo. Kwanza ilivunja upepo. Pili, wakati wa baridi theluji inayosukumwa na upepo ilinaswa na miti ikalundikana pale pale. Joto liliporudi, theluji iliyeyuka ikateremka kwenye silanga, nayo mifugo ikapata maji ya kunywa. Angalia akili hiyo. Mtu hana mto, hana bomba, mvua ni kidogo, lakini anapanda miti ili upepo wenyewe umletee maji mpaka mlangoni.

Na hakufanya kwa mwaka mmoja. Mawe ya kujengea nyumba yake aliyaokota kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ghala la mifugo lilisimama mwaka 1896. Nyumba ya mawe ilimalizika mwaka 1897, miaka 15 baada ya kufika. Mifugo ilipata mawe kabla ya mama wa nyumba! Wanakikundi wanaweza kujadili kama hiyo ilikuwa haki. Boma hilo aliliita Lanark Place, kwa kukumbuka wilaya ya kwao Ontario.

Hapo tuongee juu ya akina mama. Vitabu vingi vya wakulima wa mbugani vinasema "yeye alilima ekari mia kadhaa." Nani alipika? Wakati wa kupura ngano mashine ilizunguka kutoka shamba hadi shamba ikiwa na kundi la wanaume, pengine ishirini au zaidi, na kila shamba lilipaswa kuwalisha asubuhi, mchana na jioni, na chai katikati. Mama aliamka gizani kuoka mikate. Pia maziwa, siagi, kuku, mayai, bustani, kufua na kushona, yote yalikuwa mikononi mwake, na mara nyingi pesa za siagi na mayai ndizo zilizonunua chumvi na viatu mwaka ambao ngano ilikataa. Familia yenye uwezo kama ya Motherwell iliajiri vijana wa shamba na wasichana wa kusaidia nyumbani. Familia maskini haikuwa na msaada huo, watoto ndio walioacha shule.

Na sheria ilisemaje? Mwanamke hakuweza kujiandikishia zile ekari 160 isipokuwa awe kichwa cha familia, kama vile mjane mwenye watoto. Mke aliyefanya kazi miaka yote hiyo hakuwa na jina lake kwenye hati. Mume angeweza kuuza shamba akamwambia jioni. Akina mama wa mbugani walipigania jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1915 Saskatchewan ikapitisha sheria kwamba mume asiuze boma la familia bila mke kutia sahihi. Mwaka uliofuata, 1916, wanawake wa jimbo hilo wakapata kura. Sisi tunaofanya kazi na familia tunajua mzee akienda kutia sahihi kwa wakili peke yake kinachofuata ni nini. Hapa Kenya nasi tuna sheria ya kibali cha mke au mume kabla ya kuuza ardhi ya familia, na iko kwenye vitabu. Kazi ni kuijua.

Adeline alifariki mwaka 1905. Mwaka 1908 Motherwell alimwoa Catherine Gillespie, mwalimu aliyekuwa ameongoza shule ya bweni ya File Hills, karibu na hapo. Jina hilo la File Hills mlikumbuke.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa mabehewa, ambao ndio uliomfanya Motherwell ajulikane. Mkulima alipomaliza kuvuna alipakia ngano kwenye mkokoteni akavuka bonde la mto Qu'Appelle, zaidi ya kilomita 25, mpaka stesheni ya Indian Head. Pale alikuta kampuni za maghala marefu ya nafaka, eleveta kwa jina lao. Kampuni ndiyo iliyopima, ndiyo iliyosema ngano ni daraja gani, ndiyo iliyokata kilo za uchafu, na ndiyo iliyotaja bei. Ukikataa, rudi nayo nyumbani! Mkulima yeyote wa kahawa au mahindi ataelewa bila kuchorewa picha.

Sheria ya mwaka 1900 ilimpa mkulima njia nyingine: angeweza kupakia ngano yake mwenyewe kwenye behewa kutoka jukwaani, bila kupitia ghala. Vizuri kwenye karatasi. Mavuno ya 1901 yalikuwa makubwa mno, mabehewa yakawa machache, na reli ikawapa kampuni za maghala kwanza. Mkulima akangoja huku ngano ikiwa nje na baridi ikija.

Motherwell na jirani yake, Peter Dayman, wakakaa wakaandika barua za kuwaita wakulima. Tarehe waliyochagua ni 18 Desemba 1901, mahali Indian Head. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu wanasiasa wawili wakubwa, Roblin wa Manitoba na Haultain wa maeneo ya kaskazini magharibi, walikuwa wanakuja kujibizana hadharani mjini hapo siku hiyo hiyo. Watu wangekuja kwa wingi hata hivyo. Basi wakulima wakautumia umati wa wanasiasa kwa shughuli yao wenyewe, na hawakuwapa wanasiasa mkutano wao. Ninapenda jambo hilo. Kwetu mara nyingi huwa kinyume, mkutano wa wakulima huishia kuwa wa mheshimiwa.

Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha wakulima wa nafaka, na Motherwell akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka 1902 sheria ilirekebishwa ili behewa ligawiwe kwa zamu kulingana na orodha ya walioomba. Reli ikaendelea na mazoea yake. Chama hakikuchoma behewa wala kurusha mawe. Kilikwenda mahakamani kumshtaki stesheni masta wa Sintaluta, kijiji kilicho jirani na Indian Head, kwa kuruka orodha. Wakulima wakashinda. Reli ikakata rufaa, ikashindwa tena. Tangu hapo kitabu cha orodha kikawa kitu cha kuheshimiwa katika kila stesheni ya mbugani.

Waone walivyofanya: waliijua sheria kwa kifungu chake, walichagua kesi moja iliyo wazi, na walikuwa na ushahidi wa maandishi wa nani aliomba lini. Kikundi kisichoweka daftari kingeshindwa siku ya kwanza.

Baadaye mambo yakaendelea. Mwaka 1906 mkulima mwingine wa Sintaluta, Edward Partridge, aliongoza kuanzisha kampuni ya wakulima wenyewe ya kuuza nafaka. Mwaka 1911 kikaja chama cha ushirika cha maghala cha Saskatchewan, halafu katika miaka ya 1923 na 1924 ushirika mkubwa wa kuuza ngano kwa pamoja. Ushirika huo uliishi miaka mingi. Lakini mwaka 1996 uligeuzwa kuwa kampuni ya hisa zinazouzwa sokoni, na mwaka 2007 ukaununua mshindani wake na kubadili jina. Ushirika wa wakulima ukawa kampuni kama zile walizokuwa wakizikimbia babu zao.

Turudi kwa majirani tuliowaacha. Wakati Motherwell anapigania haki ya kupata behewa, mkulima Mkrii katika eneo lililotengwa hakuruhusiwa kuuza hata gunia moja la ngano bila kibali cha ofisa wa serikali. Tangu mwaka 1885 alihitaji cheti hata kutoka nje ya eneo lake, ingawa hakuna sheria iliyopitishwa ya kusema hivyo. Na kuanzia mwaka 1889 serikali ilishika siasa ya kwamba wenyeji wasitumie mashine, walime kwa zana za mkono vipande vidogo. Baadhi yao walikuwa wameanza kufanya vizuri wakaanza kushindana sokoni na walowezi, kisha wakarudishwa nyuma. Yule tunayemsikia akisema "sisi tuna jembe" anaweza kufikiria hapo: kuna watu waliolazimishwa kwa amri kubaki na jembe. Chama cha wakulima hakikuwapigania hao.

Na File Hills, shule aliyoiongoza Catherine kabla ya ndoa, ilikuwa mojawapo ya shule za bweni ambako watoto wa wenyeji walichukuliwa ili wasahau lugha na desturi za kwao. Ile ilikuwa ya Wapresbiteri. Katika bonde hilo hilo la Qu'Appelle, huko Lebret, palikuwa na shule ya Wakatoliki tangu mwaka 1884. Watoto wengi walikufa katika shule hizo kwa kifua kikuu na magonjwa mengine, mbali na mama zao. Inawezekana walimu wengi waliamini wanafanya mema. Mama aliyechukuliwa mtoto hakusaidiwa na imani yao. Serikali ya Kanada iliomba msamaha bungeni mwaka 2008. Tarehe 25 Julai 2022, huko Maskwacis, Alberta, Papa Fransisko aliomba msamaha kwa niaba ya Kanisa mbele ya wazee waliopitia shule hizo. Nimeliweka hili katika somo la kilimo makusudi. Mtu anayefanya kazi ya maendeleo kwa jina la Kanisa ni vizuri alijue.

Motherwell aliingia serikalini. Saskatchewan ilipokuwa jimbo mwaka 1905 akawa waziri wake wa kwanza wa kilimo, mpaka mwaka 1918 alipojiuzulu, sababu mojawapo ikiwa kupinga kubanwa kwa Kifaransa mashuleni. Wenye kuumia kwa hatua hiyo walikuwa zaidi Wakatoliki. Alihudumu pia kama waziri wa kilimo wa Kanada nzima, muda mrefu zaidi katika miaka ya 1920. Kati ya 1914 na 1922 jimbo lake lilikuwa na gari la moshi la mafundisho. Mabehewa yalibeba ng'ombe bora, mbegu, mashine, na mengine yalikuwa ya akina mama na watoto. Lilisimama stesheni baada ya stesheni, watu wakapanda kujifunza. Mkulima hakuitwa aende chuoni, chuo kilimfuata.

Mwaka 1916 ugonjwa wa kutu ya shina uliangamiza ngano ya mbugani, na mwaka 1925, Motherwell akiwa waziri, maabara ya kuchunguza kutu ilifunguliwa Winnipeg. Msomaji wa Nakuru, Narok au Uasin Gishu asione ni habari ya mbali. Aina kali ya kutu hiyo hiyo iligunduliwa Uganda, ikaitwa Ug99, ikaingia Kenya. Tangu hapo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi, Kanada ikiwemo, zimekuwa zikiletwa kujaribiwa katika kituo cha utafiti cha Njoro, kuona zipi zitahimili.

Lakini dawa ya jana yaweza kuwa ugonjwa wa leo. Ile njia ya kupumzisha shamba likiwa tupu iliwapa watu mkate kwa miaka 40. Halafu katika ukame wa miaka ya 1930 udongo uliolimwa ukawa unga, ukaachwa wazi bila mmea, ukapeperushwa na upepo mpaka mchana ukawa giza. Maelfu ya familia walihama. Mwaka 1935 bunge lilipitisha sheria ya kufufua mashamba ya mbugani: kuchimba mabwawa, kupanda miti, kurudisha majani ya malisho. Yaani yale aliyoyafanya Motherwell bomani kwake. Siku hizi wakulima wengi huko hawalimi kabisa, huacha mabua ya mwaka jana juu ya udongo na kupanda katikati yake.

Pia njia za mbugani zilivuka bahari. Kuanzia karibu mwaka 1970 hadi 1993, Kanada ilisaidia Tanzania kuanzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang, yapata ekari 100,000, kwa trekta na utaalamu wa huko Saskatchewan. Ngano ilipatikana. Lakini zile nyanda zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na hata makaburi ya wazee wao yalipitiwa na plau. Walikwenda mahakamani. Kwa mara ya pili, wataalamu wa ngano waliangalia nyasi wakaona hakuna mtu.

Motherwell alifariki mwaka 1943. Boma lake limehifadhiwa na serikali kama mahali pa historia, miti ikiwa bado imezunguka silanga.

Kwa kikao kijacho, kila familia ichore boma lake kwenye karatasi: nyumba, choo, zizi, bustani, miti, na mahali maji ya mvua yanapopita. Baba achore yake na mama achore yake, kila mmoja peke yake, kisha waje nazo zote mbili. Wanaouza maziwa, mahindi au kahawa waje na risiti za mwaka uliopita, hata zilizochanika. Katibu wa kikundi alete daftari.